Vizibao vya Uzito: Tutie Chuma, Si Risasi

Tangu muhula uliopita hakuna jambo linalozungumzwa zaidi katika mabweni yetu, baada ya chakula na mitihani, kuliko vizibao vya uzito. Ndugu zetu waliosoma hapa zamani wamepata habari zake hata huko waliko, kwa kuwa ni mmoja wao aliyetuletea cha kwanza kutoka ng'ambo. Kwa hiyo namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi niseme maoni yangu, maana jambo hili lilianza kama mchezo lakini sasa si mchezo.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajakiona. Kizibao cha uzito ni vazi lisilo na mikono, livaliwalo juu ya fulana na kukazwa kwa mikanda ubavuni. Limeshonwa vifuko mbele na nyuma, na katika kila kifuko hutiwa kipande cha kitu kizito. Anayelivaa hupanda kilima, au huchuchumaa na kusimama, au hujivuta juu ya mwamba wa goli, na mwili wake hulazimika kufanya kazi ya mtu mzito kuliko yeye. Akilivua hujiona mwepesi kama kuku aliyefunguliwa kamba. Hilo ndilo lote, hakuna uganga ndani yake.

Kile tulicholetewa ni kimoja tu, na wakimbiaji, wacheza mpira na warukaji wa shule hii ni zaidi ya sitini. Basi wavulana wakafanya lile wanalofanya wavulana siku zote: wakakitazama, wakapima vifuko kwa rula, wakaenda kwa fundi cherehani na kipande cha turubai, na kabla ya juma la tatu kwisha vizibao vilikuwa tisa. Mpaka hapo nawasifu. Kushona hakukuwa kazi ngumu. Shida ilikuwa ni kitu cha kutia ndani, na hapo ndipo njia zilipogawanyika.

Wengine walitia mchanga. Wengine walikwenda kwa mafundi wa kuchomelea wakaomba vipande vya chuma. Na wengine, nao si wachache, wamegeukia risasi. Sisemi risasi ya bunduki, bali yale madini laini ya kijivu yaliyomo katika betri za gari. Huvunja betri zilizokufa, huiyeyusha risasi katika sufuria juu ya jiko la makaa, kisha huimimina katika kopo la samaki ikapoa na kuwa bamba. Maoni yangu ni haya, nami nayasema bila kuzunguka: risasi isiingie katika vizibao vyetu, wala bwenini, wala majumbani mwetu wakati wa likizo. Na ile fedha ambayo ndugu zetu wa zamani wamekwisha kuahidi kwa ajili ya michezo isitumike kununua vizibao vya ng'ambo, bali inunue chuma, turubai na mzani.

Najua nitajibiwa nini, maana nimekwisha kujibiwa mara nyingi baada ya taa kuzimwa. Wenzangu husema risasi ni nzito kuliko chuma, haina gharama, na yeyote aweza kuiyeyusha. Yote matatu ni kweli. Risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327 tu, na jiko la makaa la mama yeyote hufika hapo na kupita. Chuma hutaka digrii zaidi ya 1,500, ambazo hakuna jiko la nyumbani litakalozifikia. Kwa hiyo kijana mwenye betri iliyokufa, sufuria kuukuu na kikapu cha makaa anacho kiwanda kamili. Sishangai kwamba wamevutwa.

Lakini hebu tufanye hesabu, maana hatukufundishwa hesabu kwa ajili ya mitihani peke yake. Kipande cha risasi chenye sentimita moja kila upande kina uzito wa gramu 11 na zaidi kidogo. Cha chuma ni karibu gramu 8. Vifuko vyetu vina upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 20. Bamba la chuma la kilo moja, likienea kifuko hicho, litakuwa na unene wa milimita 4 na kidogo. Bamba la risasi la kilo moja litakuwa na unene wa milimita 3 kasoro kidogo. Tofauti yake haifiki milimita moja na nusu! Mtu akivaa mabamba manne kifuani, risasi yampunguzia unene wa nusu sentimita tu. Mzee wa zamani atakayesoma maneno haya na ashike rula mkononi aitazame hiyo nusu sentimita, kisha aendelee kusoma, maana hiyo ndiyo faida yote ambayo kwa ajili yake sumu imeletwa katika nyumba zetu. Tena mabamba yanayomiminwa katika makopo hayatoki sawa. Tuliyapima sita hapa shuleni: moja lilikuwa gramu 900 na jingine kilo moja na robo, na wenyewe walikuwa wakiyahesabu yote kuwa kilo moja moja.

Nimesema sumu, na kuna watakaocheka, kwa sababu risasi haimwangushi mtu siku ile ile kama pombe mbaya. Haina harufu wala ladha. Ikiingia mwilini, mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ukaihifadhi katika mifupa na meno, ikakaa huko miaka mingi. Huleta upungufu wa damu na maumivu ya tumbo, huharibu figo, hupandisha shinikizo la damu. Lakini ubaya wake mkubwa kabisa ni kwa watoto wadogo, ambao ubongo wao ungali ukikua. Mtoto aliyekuwa na akili nyepesi huwa mzito wa kujifunza, na mzazi asijue kilichompata. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara. Lasema pia kwamba mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake huifyonza mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima.

Watu wengi hudhani hatari ni mvuke peke yake, kwa hiyo huyeyusha nje penye upepo na kujiona wenye hekima. Mvuke upo, naam, maana jiko la makaa halina kipimo cha joto, na makaa yakipulizwa sana risasi hupanda hewani. Walakini vumbi ndilo linalosafiri. Juu ya risasi iliyoyeyuka hukaa ukoko wa kijivu, ambao vijana huuondoa kwa kijiko na kuutupa kando. Ukisagwa kwa miguu huwa vumbi. Na ndani ya betri, risasi nyingi si madini safi, ni unga wa kijivu na wa kahawia ulioshikizwa kwenye wavu. Unga ule haumiminiki katika kopo. Humwagwa chini pamoja na maji makali ya betri, ambayo ni tindikali ya kuchoma ngozi na nguo. Vumbi hilo huingia katika kucha, katika nywele, katika shati, kijana akaingia nalo nyumbani na kukaa kula.

Jambo hili sikulisoma kitabuni tu. Shule yetu iko Gitega, lakini kwetu mimi ni Muyinga. Mtu akitoka hapa hupita Karuzi, na akifika Muyinga hayuko mbali na Kobero, mpakani mwa Tanzania, njia ya malori. Palipo na malori pana betri zilizokufa. Likizo iliyopita nilipita nyuma ya garaji moja ya kwetu, nikawakuta vijana wanne wakimimina mabamba, na mmoja wao tunasoma naye. Sufuria ilikuwa ya maharagwe. Niliambiwa itasuguliwa kwa majivu irudi jikoni. Kando ya jiko alikuwa ameketi mtoto wa miaka mitatu hivi, mdogo wake mmoja wao, ameyakusanya makoko yale ya kijivu akayapanga mstari kama ng'ombe wake. Kila ng'ombe alimtia mate kwanza ili ang'ae. Nilimwinua nikampeleka kwa mama yake, nikaeleza nilivyoweza. Kesho yake nilipopita mtoto alikuwa pale pale, na ng'ombe wake wamezidi.

Hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya mahali pale. Vijana wale walikuwa wakifanya kazi kwa bidii, mikono yao wenyewe, bila kumwomba mtu hata senti, na hayo ndiyo mambo tunayofundishwa kila siku tuyafanye. Ndiyo sababu naandika badala ya kuwachongea.

Mwenye kudhani nakuza mambo na atazame Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014. Bibi Phyllis Omido, aliyepata kufanya kazi katika kiwanda hicho, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake mchanga kuugua na kuonekana ana risasi katika damu. Alikamatwa, akatishwa, wala hakunyamaza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, ambayo hupewa watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama huko Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufani nyingi Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha mwezi wa Desemba 2024. Hicho, mtasema, kilikuwa kiwanda kikubwa chenye bomba la moshi. Basi twendeni Dakar, Senegal, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, ambako hapakuwa na kiwanda. Watu wa kawaida walikuwa wakivunja betri na kuchekecha mchanga wenye risasi majumbani mwao, kwa mikono, wapate kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Nchi zimehangaika miaka mingi kuiondoa risasi katika petroli. Afrika kusini mwa Sahara iliacha kuiuza petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Wametoa kilichokuwa katika moshi wa magari, nasi twakirudisha kwa sufuria.

Nina mwenzangu mmoja msomi ambaye hunijibu kwa historia. Ati Wayunani wa kale walishika vipande vya mawe au vya risasi mikononi waliporuka katika michezo yao ya Olimpia. Ni kweli kabisa. Na Warumi nao walipitisha maji ya kunywa katika mabomba ya risasi. Sidhani tumepelekwa shule ili tuige kila walichofanya Warumi. Mwingine, ambaye hoja yake ni nzuri zaidi, husema kwamba bamba likikwisha kumiminwa na kufungwa vizuri kwa mpira halimdhuru anayelivaa. Nakubali kwamba halimdhuru sana. Lakini bamba halikuota mtini. Lilimiminwa mahali, na ukoko wake ungali mahali pale, na aliyebaki nalo si mvaaji bali ni yule mwenye ng'ombe wa mate.

Sasa niseme juu ya chuma, maana kukataza bila kuonyesha njia nyingine ni kazi rahisi mno.

Hapa Gitega mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza milango na madirisha hubaki na vipande kila siku. Tafuteni bamba la unene wa milimita 4. Likikatwa sentimita 15 kwa 20 lina uzito wa gramu 940 hivi, yaani kilo moja kasoro kidogo, na mabamba manane, manne mbele na manne nyuma, hufanya kilo saba na nusu. Milimita 6 ni gramu 1,400 na zaidi kidogo; hayo yafaa kwa wakubwa. Kuna wanaopendelea vipande vya springi za lori kwa sababu ni vingi, lakini springi ni ngumu mno, msumeno wa mkono huteleza juu yake kama juu ya kioo, na siku nzima hupita. Mwachieni fundi mwenye jiwe la kukatia, au msizichukue.

Pembe zote zisuguliwe kwa tupa mpaka ziwe duara. Hili watu hulipuuza kwa sababu linachosha mikono, na mimi nasema ndilo jambo kubwa katika kazi yote, maana pembe kali hutoboa turubai kwanza na mbavu baadaye. Mtu akianguka kilimani na pembe ikamchoma hatasema tupa ilichosha. Baada ya hapo kila bamba lifungwe katika kipande cha mpira wa ndani wa gari, uliokatwa na kugundishwa kwa gundi ya viraka. Mpira hufanya kazi mbili: huzuia mabamba yasigongane na kulia kama kengele za ng'ombe, na huzuia jasho, ambalo ni chumvi, lisilete kutu. Mikanda mizuri hupatikana katika magari mabovu, ile ya kufungia abiria. Haikatiki, na haijikunji begani kama kamba ya katani.

Kisha bamba lipimwe. Mzani wa mwuza maharagwe sokoni watosha, naye kwa kawaida hukubali ukimwendea asubuhi kabla ya wateja. Uzito wenyewe ugongwe kwa tindo juu ya bamba, gramu kwa gramu, si uzito tunaoutamani. Mbele na nyuma pawe sawa, maana nimewaona wenye kilo tano kifuani na kilo mbili mgongoni, wakitembea kama watu waliopoteza sarafu njiani.

Kuna wasemao chuma ni kazi ya watu wenye mitambo. Hao nawakumbusha kwamba nchi hizi za Maziwa Makuu zilikuwa zikiyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwa udongo, makaa na mivukuto. Sisi hatuambiwi tuyeyushe. Twaambiwa tukate kipande kilichokwisha kutengenezwa na mtu mwingine, nasi twalalamika.

Mchanga ni mzuri kwa wadogo wanaoanza. Hauna gharama, haumchomi mtu, na mtu akianguka humlalia kama mto. Ubaya wake ni mwili mkubwa: kilo moja ya mchanga mkavu katika kifuko chetu ina unene wa sentimita 2, kwa hiyo kilo nane humfanya mtu kuwa pipa. Na ubaya wa pili ni mvua. Mchanga ukilowa huongezeka uzito, na mwenye kizibao cha mchanga mwezi wa Aprili hajui anabeba nini. Saruji sina la kusema juu yake ila kwamba niliona bamba moja la saruji likipasuka siku ya kwanza, na la pili siku ya pili.

Nikiwa na kalamu mkononi niseme na neno ambalo wakimbiaji wenzangu hawapendi kulisikia. Kizibao si cha kukimbilia mbio ndefu. Mtu anapokimbia, kila mguu unapotua ardhi humrudishia nguvu ya mara mbili mpaka tatu ya uzito wake. Ukiongeza kilo 5 kifuani, goti haliongezewi kilo 5, laongezewa 10 au 15, na katika mbio za mita 5,000 huo ni mzigo wa maelfu ya hatua. Niko radhi kuitwa mwoga. Ningependa kanuni ya shule iwe hivi: anayeanza asivae zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya uzito wake, yaani mvulana wa kilo 60 avae kilo 3, na hata aliyezoea asipite sehemu moja ya kumi. Tupande kilima kwa miguu, kwa kasi ya kutembea, na tukifika juu tuvue kabla ya kushuka, kwa sababu kushuka ndiko kunakovunja magoti. Wale wa madarasa ya chini wavae mchanga tu, na mwalimu wa michezo awepo.

Siku moja tulipokuwa tukipanda, mama mmoja alitupita akiwa na dumu la lita 20 kichwani na mtoto mgongoni. Alitusalimu vizuri, akauliza tumebeba nini. Tulipomwambia kwamba ni vyuma tu, wala hatuvipeleki mahali, alicheka mpaka akasimama akashika dumu kwa mikono miwili. Kilo 20 za maji na mtoto juu yake! Wenzangu waliona haya wakataka kuviacha vizibao kabisa. Mimi sioni hivyo. Yeye habebi maji ili apate nguvu, hubeba kwa kuwa bomba liko mbali, na angelikuwa na bomba mlangoni angeliacha siku hiyo hiyo. Sisi tunachotafuta ni kipimo: leo kilo 3, baada ya majuma matatu kilo 3 na nusu, na mtu aweza kusema kwa hakika ameongeza nini. Ndiyo maana nashikilia sana habari ya mzani. Ila kama mtu ana haya, na amsaidie mama kubeba dumu akivua kizibao.

Sasa nawageukia ninyi ndugu zetu wa zamani, ambao wengine mna watoto wenye umri wetu. Tumesikia mnafikiri kutununulia vizibao kumi vya ng'ambo, vizuri, vyenye jina la kampuni kifuani. Tunawashukuru, wala si adabu kumfundisha mtu jinsi ya kutoa zawadi yake. Lakini hesabuni. Vizibao kumi vitavaliwa na kumi, nao watakuwa wale wale wa kikosi cha kwanza. Hamsini waliobaki wamekwisha kuona kizibao, wamekwisha kutamani, na betri zingali nyuma ya garaji. Kila kizibao cha ng'ambo kitakachofika hapa kitawarudisha watano kwenye sufuria. Fedha hiyo hiyo ikinunua bamba zima la chuma kwa fundi, turubai, tupa chache na mzani mmoja wa kweli utakaokaa hapa shuleni, kila anayetaka atakuwa na chake, na atakuwa amekitengeneza mwenyewe.

Nimesikia pia hoja kwamba bila vifaa vya kisasa hatutatoa mshindi. Tarehe 3 Agosti 1996 huko Atlanta, Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, alishinda mbio za mita 5,000 kwa dakika 13, sekunde 7 na sehemu 96 za mia, mbele ya Paul Bitok wa Kenya. Na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Burundi kushiriki Olimpiki. Mwaka 2016 Francine Niyonsaba alileta fedha ya mita 800 kutoka Rio de Janeiro. Vilima vyetu vilikuwapo kabla ya vizibao, na Gitega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, hewa ambayo wageni hutumia fedha nyingi kuifuata. Kizibao ni nyongeza tu. Kikikosekana tutapanda bila hicho.

Limebaki jambo la yale mabamba ya risasi yaliyomo bwenini tayari. Nimeyahesabu kumi na manne, chini ya vitanda, na huenda mengine sijayaona. Yasitupwe chooni, wala shambani, wala katika shimo la takataka ambako wadogo huokota makopo. Yasikatwe wala kupigwa tupa. Wenyewe wayafunge kila moja katika mfuko wa plastiki, wanawe mikono kwa sabuni, wayapeleke kwa mwalimu wa sayansi, ambaye amekubali kuyatia katika ndoo yenye mfuniko mpaka apatikane mnunuzi wa betri anayezipeleka kiwandani kwa njia ya halali. Hatauliza jina la mtu. Badala yake kila atakayeleta bamba la risasi atapewa la chuma. Tumekwisha kukata ishirini, na karatasi yenye kipimo cha kifuko imebandikwa mlangoni mwa karakana. Tupa ni mbili tu kwa sasa, kwa hiyo mje wawili wawili.